Kiande Atakikata Mwenyewe

Kila asubuhi Murunga aliamka kwanza, mikono yake ikafuata baadaye. Saa kumi na moja macho yalikuwa wazi, lakini vidole vilibaki vimekunjika, vimevimba kwenye vifundo, vya moto na vigumu, mpaka jua lipande juu ya mabati ya Makina, Kibera. Aliketi kitandani na beseni la maji moto mapajani, akivikunja na kuvikunjua kimoja kimoja jinsi alivyofundishwa, kisha Wagaki akamfunga vifungo vya shati. Walifanya hivyo bila kuoneana haya. Miaka minne ya ugonjwa inatosha kumaliza haya kati ya mtu na mkewe.

Nasema mkewe, na hapo ndipo penye maneno. Becky Wagaki alikuwa ameishi na Murunga miaka ishirini na moja, akamzalia binti, Nanyama, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye mchumba wake. Mahari yalikwisha kupelekwa kwao Kawangware, safari baada ya safari, na hakuna aliyekuwa akidai chochote. Kilichobaki ni ngurario, sherehe ambayo kwa Wakikuyu ndiyo inayofunga ndoa. Siku hiyo mwanamume huwekewa mguu wa mbele wa mbuzi aliyechomwa, naye huukata begani, pale kwenye kiungo, mbele ya wazee, akampa mkewe kipande. Hicho ndicho kiande. Bila kiande, hata mkizeeka pamoja mkang'oka meno, wewe bado ni rafiki tu wa binti yao. Tena wazee hawapokei mahari ya mtoto ambaye mama yake hajakatiwa. Watu wa mchumba wa Nanyama walitaka kuja Desemba, na sasa ilikuwa Oktoba.

Wiki mbili na siku chache kabla ya ngurario yenyewe, Mzee Kihara alishuka Makina. Kihara alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake Wagaki, mwenye ploti tatu Kawangware na sauti ya mtu mwenye tano. Alikuja na fimbo. Magoti yake yalilia alipokaa, yakalia tena alipojiweka sawa, na kila yalipolia alisema ni ajali ya mpira ya zamani za ujana. Waliokua naye wanasema hakuwahi kucheza hata bano, gololi za watoto. Alimpungia Murunga mkono badala ya kumpa.

"Nisikuumize," alisema, na ule mkono akauficha mfukoni.

Wagaki alileta chai. Kihara alikunywa nusu kikombe ndipo akasema kilichomleta.

"Sasa sikia, kijana." Kijana alikuwa na miaka hamsini na moja. "Tumekaa kama wazee tukaongea. Hiyo mikono yako haiwezi shika kisu. Ndugu yako Maurice ako na mikono poa. Yeye atakukatia."

"Anikatie, halafu nani atakuwa ameoa Becky?"

"Wacha mchezo. Ni kusaidiwa tu."

"Mzee, nimekula ugali na huyu mama miaka ishirini na moja na hakuna mtu alinisaidia kumeza. Nitakata mwenyewe."

"Na kisu kikianguka?"

"Kikianguka nitakiokota."

Kihara alitua kikombe. "Kikikushinda, hiyo si ngurario. Mtakula nyama, mrudi kwenu, tuongee tena mwaka ujao. Na hao watu wa Desemba muwaambie wangoje." Akainuka kwa tabu, na mlangoni akaongeza, kwa ile sauti ya mtu anayekuhurumia ili akuumize vizuri: "Ni hii kazi yako. Mtu hawezi kukaa na mifupa ya vitu zimekufa halafu ategemee yake ipone."

Murunga alikasirika mpaka masikio yakamwasha. Wangemtukana yeye angevumilia, lakini kazi yake hakuwa amempa mtu ruhusa ya kuitia mdomoni. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akichukua mifupa ya ng'ombe kwenye machinjio na buchari, akiipeleka kwenye kibanda chake, akiikata, akiichemsha, akiisugua mpaka ing'ae, na kuigeuza shanga, bangili na vifungo vya makoti ambavyo wanawake wa mbali huvaa bila kujua vilitoka Kibera. Msumeno wake ulianza kila mara na kazi moja: kukata vichwa vya mfupa. Pale mwishoni, penye kiungo, mfupa ni kama mkate ndani, hauchongeki. Hivyo vichwa huwa ni taka. Ila kulikuwa na msichana mmoja wa Kawangware aliyeuza supu, naye alikuja kila Jumatatu na gunia kuviomba, kwa sababu supu haina ladha kama ya kichwa cha mfupa. Msichana huyo ndiye Wagaki. Hata ndoa yao, ukiifuatilia nyuma, ilianzia kwenye taka za viungo.

Kesho yake alikwenda kwa Adhis.

Adhis alikuwa mtaalamu wa viungo katika zahanati moja ndogo upande wa Ayany, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu na subira ya kuhesabika. Ndiye aliyempokea Murunga miaka minne nyuma, baada ya watu kumpaka mafuta ya kila aina na kumwambia ni baridi ya mifupa, ni nyama nyingi, ni jicho la jirani. Adhis alimwambia si baridi, wala si laana. Kila kiungo kimevikwa utando mwororo unaotoa ute wa kukilainisha. Kinga ya mwili wake, ile iliyowekwa kupigana na maradhi, imekosea adui. Imeugeukia huo utando na kuupiga kila siku, nao unavimba, unakula gegedu linalofunika ncha za mifupa, unalegeza kano, mpaka vidole vinaanza kulala upande mmoja.

"Yaani ni askari wangu mwenyewe ananipiga?" Murunga aliuliza siku ile.

"Ni askari wako mwenyewe."

"Hiyo naielewa, daktari. Mimi ni mtu wa Kibera."

Tangu hapo alimeza vidonge vyake mara moja kwa wiki, siku ya Jumapili, na ugonjwa ukapunguza mwendo, ijapokuwa ulichokwisha kupinda haukukinyoosha. Adhis pia ndiye aliyemfundisha kuvivika vipini vya zana zake mpira wa tyubu ya baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka vikawa vinene. Kitu chembamba, alisema, kinataka vidole vikibane. Kinene unakumbatia tu.

Sasa Murunga alimweleza habari ya kiande. Adhis alisikiliza, akavua miwani, akauliza swali moja tu.

"Unataka nikuambie usikate, ama unataka nikufundishe kukata?"

"Nilikuja mbali hivi nikufuate uniambie nisikate?"

"Basi kesho uniletee bega la mbuzi. Bichi. Ikuje na kombe lake, ule mfupa mpana wa bega."

Walilifungua juu ya meza ya zahanati, juu ya gazeti. Murunga alikuwa amekata vichwa vya mifupa kwa maelfu, lakini daima kwa msumeno, kutoka nje, na kwenye mifupa iliyokwisha kukauka. Hakuwahi kuona kiungo kikiwa kizima. Adhis alikishika juu na chini, akakinyoosha. Kilikaza, hapakuonekana hata mlango wa kupitisha wembe. Akakikunja kabisa mpaka mwisho. Upande wa nje palijitokeza mfereji mdogo laini.

"Weka dole gumba hapo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Watu wanapiga kiungo na shoka kwa sababu hawajui kinafungukia wapi. Nguvu ni ya mtu amekosa njia." Alichomeka ncha ya kisu kwenye ule mfereji. Utando ulikatika bila kelele na ute mzito ukachuruzika. Kichwa cha mfupa kikateleza nje, cheupe, cha duara, kinang'aa, kutoka kwenye kisahani kidogo cha kombe ambacho kilikuwa hakikifuniki hata nusu. "Bega ni hivi. Kisahani chake ni kidogo, ndiyo maana mkono unazunguka kila upande, na ndiyo maana linateguka haraka. Kinacholishika ni kano na nyama. Ukizikata hizo, limeachia."

Murunga alipitisha kidole chake kilichopinda juu ya lile gegedu. Lilikuwa laini kuliko shanga yoyote aliyowahi kusugua maishani, na yeye alijua kusugua. Alifikiri kwamba kitu kama hiki kilikuwa ndani ya kila kidole chake, na kwamba kilikuwa kimeliwa.

"Nami nilikuwa nachukulia hii ni taka," alisema.

Kwa wiki mbili Maurice, mdogo wake anayeendesha boda boda, alimletea mabega ya mbuzi kutoka buchari, moja kila jioni baada ya kazi. La kwanza lilimchukua Murunga dakika ishirini na machozi. La tano alilimaliza kwa dakika nne. Majirani walikula nyama siku kumi na nne mfululizo na hakuna aliyeuliza ni ya nini. Kisu alikivika tyubu nyeusi mpaka mpini ukawa mnene kama gunzi la mahindi, na usiku alikilaza chini ya kitanda kana kwamba kingetoroka.

Jumamosi ikafika. Watu wa Murunga walikwenda Kawangware na kusimamishwa nje ya geti la Kihara kama ilivyo desturi, wakaimbishwa mpaka waliokuwa ndani wakatosheka, ndipo wakafunguliwa. Hema lilikuwa limejaa. Wazee mbele, wanawake upande wa kulia, na katikati yao Wagaki amevaa nguo ya ngozi na shanga, kitambaa cheupe kichwani. Nanyama aliketi nyuma yake akiuma kucha. Kihara alikuwa kwenye kiti kirefu kuliko vya wengine. Alisema ni cha heshima. Murunga, ambaye sasa alikuwa na jicho la viungo, aliona kwamba ni cha mtu asiyeweza kuinuka kutoka kiti kifupi.

Sinia lililetwa. Mguu wa mbuzi ulilala juu yake umekaushwa na moto, umenyooka, umepoa. Maurice, akiwa msimamizi, alipiga magoti kuushika. Murunga akatoa kisu chake kwenye koti.

"Hiyo ni nini?" Kihara aliuliza.

"Ni kisu, mzee."

"Kisu ni ya boma hili. Kiande haikatwi na kisu ya wageni. Hukuambiwa?"

Hakuwa ameambiwa. Wala hakuwa ameuliza, na hilo ndilo lililomuuma. Kwao Bungoma mtu huenda kwenye shughuli na kisu chake kiunoni na hakuna anayekitazama mara mbili. Wiki mbili alikuwa amejifunza kila kitu kuhusu mbuzi, asijifunze lolote kuhusu kisu. Wagaki naye hakujua, kwa kuwa visu vya ngurario ni habari za wanaume.

Kisu cha boma kililetwa juu ya kitambaa. Kilikuwa kikali, hilo lazima lisemwe. Lakini mpini wake ulikuwa wa chuma kitupu, mwembamba, umelainishwa na viganja vya vizazi vitatu. Murunga alikishika. Vidole vilijaribu kukizunguka, vikafika nusu, vikagoma. Aliweka ncha kwenye nyama na kusukuma. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko, mpini ukageuka kiganjani, na kisu kikaanguka kwenye nyasi.

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akanyamaza peke yake. Murunga alisikia aibu ikimshukia usoni, ile aibu aliyodhani imekwisha.

"Si nilisema," Kihara alisema, bila hata kupandisha sauti. "Maurice, chukua kisu. Tumalize tukule."

Maurice alimtazama kaka yake. Mkono wake ulikwisha kuanza kwenda chini kwenye nyasi, na haukwenda kwa dharau. Ulikwenda kwa upendo, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari. "Bro," alinong'ona, "wacha nikushikie tu. Nobody atajali."

"Mimi nitajali. Shika mguu. Kazi yako ni mguu."

Akainama, akakiokota kisu kwa viganja viwili kama alivyoahidi. Alipoinua kichwa, Wagaki alikuwa amesimama mbele yake. Hapakuwa na mahali katika sherehe ambapo mwanamke alitakiwa kusimama wakati huo. Alivuta kitambaa kichwani, nywele zenye mvi zikabaki wazi mbele ya ukoo mzima, akachukua kisu, na kuanza kuuzungushia mpini kile kitambaa, akikaza kila mzunguko.

"Wagaki," Kihara alisema. "Rudi ukae. Hiyo haifanywi."

"Baba mkubwa, miaka minne nimemfunga vifungo vya shati kila asubuhi, na hakuna mmoja wenu alikuja kuniambia hiyo haifanywi." Alikaza fundo kwa meno. "Kisu ni ya boma. Kitambaa ni yangu. Mimi ni wa boma gani?"

Hapo shosho Beth, bibi wa ukoo, shangazi yake Wagaki aliyebaki peke yake katika kizazi cha Kihara, aligonga fimbo yake chini. "Kihara, siku yako wewe ulikata ukiwa umeshikiliwa na watu wawili, na si ugonjwa ulikuwa nao. Ilikuwa pombe ya muratina. Kaa kimya mtu akate."

Kicheko cha sasa kilikuwa cha aina nyingine. Murunga alikumbatia mpini. Ulijaa kiganjani. Hakugusa nyama kwanza.

"Ikunje," alimwambia Maurice. "Yote. Mpaka iseme."

Maurice alikunja. Bega lililokaushwa na moto lilikataa, likakataa, kisha likatoa mlio mdogo na kujikunja. Murunga aliweka dole gumba lake baya kwenye upande wa nje, akatafuta. Hapakuwa na kitu. Ngozi ya nyama ilikuwa ngumu. Akatafuta tena chini kidogo, na akaupata ule mfereji. Vidole vilivyopinda, ambavyo havingeweza kufunga kifungo, viliutambua mahali watu mia mbili wenye vidole vizuri wasingeuona. Aliingiza ncha na kuacha uzito wa bega lake mwenyewe ushuke. Hakusukuma. Kano ya kwanza iliachia, ya pili ikaachia, na kichwa cha mfupa kikatoka kwenye kisahani chake kikiwa cheupe. Alichokuwa amebakiza ni nyama tu, na nyama haijawahi kumshinda mtu.

Vigelegele vilianzia upande wa shosho Beth. Murunga alimpa Wagaki kipande kwa mikono miwili. Wagaki alikula huku akilia waziwazi, akitafuna na kulia, hakuficha hata kimoja.

Kihara aliinua fimbo. "Ngojeni. Kisu kilianguka. Kilianguka chini watu wote wakiona. Tulisema kikimshinda hii si ngurario."

Nanyama alisimama nyuma, mkono mdomoni. Murunga alichukua vile vipande viwili vya mguu, kombe katika mkono mmoja na mfupa wa mguu katika mwingine, akatembea mpaka mbele ya kiti kirefu. Alikuwa amechoka. Maumivu yalikuwa yamefika shingoni na hakuwa tena na nafasi ya adabu ya kuzidi.

"Mzee, unasema haijakatwa?"

"Nasema kisu kilianguka."

"Sawa." Aliviweka vipande vyote viwili mapajani mwa Kihara, juu ya suti yake. "Kama haijakatwa, irudishe."

Kihara alitazama nyama. Alitazama ukoo wake, na ukoo ukamtazama. Aliinua kichwa cha mfupa, akakielekeza kwenye kisahani bila kujua anafanya nini, kikateleza. Shosho Beth alianza kucheka kwa kikohozi. Mzee akakata kipande cha nyama kwa kucha, akakitia mdomoni na kutafuna kwa muda mrefu. Hapo Nanyama alijua kwamba Desemba ni Desemba, kwa maana anayekula amekubali. Aliinama nyuma ya hema na kumpigia mchumba wake simu.

"Mpeni muthoni maji ya kunawa," Kihara alisema hatimaye. Muthoni ni mkwe, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo kwa miaka ishirini na moja.

Maji yakaletwa. Murunga aliviacha vidole ndani ya beseni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana yalikuwa ya moto. Watu walihamia kwenye sahani zao na muziki ukaanza. Alipogeuka kuondoka, alisikia kiti kirefu kikilia, kisha magoti. Kihara alikuwa amejaribu kuinuka mara mbili bila kufaulu. Alimwita kwa kidole, akamvuta chini kwa kola ya shati mpaka sikio lake likawa karibu.

"Huyo daktari wako wa Kibera," alinong'ona, akiangalia pembeni. "Anaangaliaga magoti pia?"

Murunga alimpa mkono, ule mbaya zaidi. Kihara alisita, kisha akaushika, akainuka nao polepole, na Murunga hakutoa sauti ingawa uliuma.

"Anaangalia," Murunga alisema. "Lakini foleni ni ndefu, mzee, na huwezi tuma ndugu yako akupangie."